Vitamini D na dawa zako nyingine: mgomvi ni kalsiamu

Kabla ya kuuliza kama vitamini D inagongana na dawa unazomeza, geuza boksi usome upande wenye maandishi madogo. Vidonge vingi vinavyouzwa madukani kwa jina la vitamini D ni mchanganyiko. Kuna kalsiamu kabonati, mara nyingi yenye kalsiamu ya miligramu 500, na ndani yake vitamini D3 (aina ya vitamini D) kidogo, IU 200 au 400 hivi, IU ikiwa ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini. Mmezaji anadhani anakunywa vitamini, kumbe sehemu kubwa ya kidonge ni madini. Na karibu ugomvi wote unaotokea tumboni kati ya "vitamini D" na dawa nyingine ni ugomvi wa hayo madini. D3 peke yake, ile ya tembe ndogo au ya matone ya mafuta, hainasi dawa nyingine utumboni.

Isikupe usingizi mzito lakini. Kazi kuu ya vitamini D ni kuufanya utumbo ufyonze kalsiamu nyingi zaidi kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo tumboni tatizo ni kalsiamu, na kwenye damu nako tatizo ni kalsiamu. Ukilishika hilo, dawa za kuhofia utazitambua nyingi bila kukariri orodha.

Dawa zinazonaswa tumboni

Kalsiamu, chuma, magnesiamu na alumini hushikamana na baadhi ya dawa zikikutana tumboni, na kilichoshikamana hakipenyi ukuta wa utumbo. Dawa inaishia chooni.

Inayogusa watu wengi zaidi Afrika Mashariki ni dolutegravir, yaani ile D ya mwisho kwenye TLD, kidonge cha ARV cha kila siku kwa wanaoishi na VVU. Ikimezwa pamoja na kalsiamu kabonati tumbo likiwa tupu, dolutegravir inayofika kwenye damu hupungua kwa asilimia 39. Ikimezwa na vidonge vya chuma, hupungua kwa asilimia 54. Ikikutana na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na alumini, hupungua kwa asilimia 74. Kwa kalsiamu na chuma, chakula kinaokoa: ukimeza TLD na kalsiamu kwa pamoja katikati ya mlo, dawa inaingia vizuri. Ikiwa hujala, TLD itangulie saa mbili kabla ya kalsiamu, au ifuate saa sita baadaye. Dawa ya kiungulia haina msamaha wa chakula. Kwa hiyo, umekula hujala, TLD itangulie kwa saa mbili au ifuate baada ya saa sita. Na jambo la kushikilia ni kwamba kinachosogezwa ni kalsiamu au dawa ya kiungulia. ARV inabaki palepale kwenye saa yake.

Mjamzito anayeishi na VVU ndiye mwenye hesabu ngumu kuliko wote, kwa kuwa kliniki humpa TLD, vidonge vya chuma vya kuongeza damu, na wakati mwingine kalsiamu ya kuzuia kifafa cha mimba. Chuma na kalsiamu navyo vinazuiana vyenyewe kwa vyenyewe, visimezwe kwa mkupuo mmoja. Mpangilio unaofanya kazi ni kalsiamu na chakula cha asubuhi, kidonge cha damu saa 7 mchana kwa maji au juisi ya machungwa, na TLD saa 2 usiku. Kama mkunga ameandika kalsiamu mara mbili kwa siku, ya pili iende na chakula cha usiku pamoja na TLD. Kidonge cha damu kisishushwe kwa chai, maana majani ya chai huzuia chuma, hata ikiwa ya rangi.

Dawa ya tezi ya shingo, levothyroxine, inataka tumbo tupu na maji matupu, na kalsiamu ikae mbali nayo kwa saa nne. Hapa watu wanakosea kimyakimya. Mgonjwa anaongezewa dozi ya levothyroxine kila anaporudi kupima, na hakuna aliyemuuliza kama kuna kidonge cha mifupa anachokinywa nayo asubuhi. Siku akikiacha kile cha mifupa, dozi iliyoongezwa inamzidi, moyo unaanza kumwenda mbio.

Ciprofloxacin itangulie kalsiamu kwa saa mbili au ifuate baada ya saa sita. Doxycycline na ndugu zake wa jamii ya tetracycline zikae mbali angalau saa mbili hadi tatu. Kozi ya antibayotiki ni siku chache tu, kwa hiyo ushauri wangu ni kuacha kalsiamu hadi kozi iishe kuliko kuhangaika na saa. Hakuna mfupa utakaovunjika kwa wiki moja ya kukosa kidonge. Alendronate ya mifupa humezwa asubuhi kabla ya chochote, kwa glasi nzima ya maji, umekaa wima au umesimama, na usilale. Kalsiamu isubiri angalau nusu saa, ikisubiri zaidi ni vizuri zaidi.

Mwezi wa Ramadhani unarahisisha mambo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kati ya daku na futari kuna saa zaidi ya kumi na mbili. TLD iende na daku, kalsiamu na D3 ziende na futari. Mwenye levothyroxine aimeze nusu saa kabla ya kula daku.

Kalsiamu inapozidi kwenye damu

Hapa sasa D3 yenyewe inahusika, hata ile isiyochanganywa na kitu.

Dawa za presha za jamii ya thiazide, hasa hydrochlorothiazide na bendroflumethiazide, huzifanya figo zibakize kalsiamu ambayo ingetoka na mkojo. Ongeza vitamini D inayoingiza kalsiamu nyingi zaidi, ongeza na vidonge vya kalsiamu vyenyewe, na damu inaanza kujaa. Wengi hawajui kama wanaitumia, kwa sababu imefichwa ndani ya kidonge cha pamoja. Tafuta herufi H, HCT au HCTZ baada ya jina la dawa, au soma orodha ya viambato. Losartan iliyoandikwa losartan tu haina shida hii. Losartan H inayo. Amlodipine haina. Furosemide inafanya kinyume, inaitoa kalsiamu. Kwa mwenye thiazide, IU 400 hadi 800 za D3 kwa siku kwa kawaida hazina tatizo, ila akitaka zaidi ya hapo, au akiwa na kalsiamu ya vidonge juu yake, apimwe kalsiamu ya damu kabla ya kuanza na tena baada ya wiki chache. Mzee mwenye figo zilizochoka ndiye wa kwanza kupata madhara.

Digoxin ni hatari zaidi, na kwetu bado inatumika, tena kwa vijana ambao valvu za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Kalsiamu ikipanda kwenye damu ya mtu anayetumia digoxin, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hata kama dozi ya digoxin ni ileile ya siku zote. Huyu asinunue vitamini D ya dozi kubwa dukani kwa kujiamulia. Anayetumia lithium kwa ugonjwa wa akili naye amwambie daktari wake, kwa kuwa lithium peke yake inaweza kupandisha kalsiamu.

Dozi za juu na makosa ya kusoma

Mikrogramu 1 ni IU 40. Hesabu hiyo iandike mahali, maana boksi moja litasema 25 mikrogramu na jingine IU 1,000, na ni kitu kilekile. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni IU 600, na IU 800 akipita miaka 70. Kikomo cha juu kwa matumizi ya kila siku bila daktari ni IU 4,000.

Sasa linganisha na pakiti ya unga au kapsuli ya IU 60,000, ambayo imejaa kwenye maduka ya dawa, nyingi zikitoka India. Hiyo ni dozi ya wiki nzima, humezwa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nane, kwa mtu aliyepimwa akakutwa na upungufu. Mtu akiisoma kama dawa ya kila siku, kwa mwezi mmoja amekunywa IU 1,800,000. Anayeuza dawa hii aandike siku yenyewe kwenye boksi kwa kalamu, "kila Ijumaa" au "kila Jumapili". "1x1 kwa wiki" haitoshi, kwa sababu jicho lililozoea 1x1 haliendelei kusoma.

Sindano za IU 300,000 au 600,000 sizipendi. Huko Australia, wanawake 2,256 wenye miaka 70 na zaidi walishiriki jaribio la dozi moja ya kumeza ya IU 500,000 kwa mwaka, matokeo yakachapishwa mwaka 2010, na waliopewa vitamini walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya waliopewa dawa bandia. Dozi ndogo ya kila siku au ya kila wiki inafanya kazi vizuri zaidi, na ukikosea unaweza kusimamisha. Sindano ikishaingia huwezi kuitoa.

Kwa watoto wachanga kosa liko kwenye kitone, yaani kile kibomba cha kudondoshea dawa. Mahitaji ya mtoto ni IU 400 kwa siku. Kuna chupa ambazo IU 400 hizo ziko kwenye mililita 1, na kuna nyingine ambazo ziko kwenye tone moja. Mama akibadilisha chupa huku akiendelea kupima mililita 1 kama alivyozoea, mtoto anapata mara ishirini au zaidi ya dozi. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu vitone vya watoto kwa sababu ya kosa la namna hii. Tumia kitone kilichokuja na chupa hiyohiyo, na usikihamishie kwenye nyingine.

Dalili za kalsiamu kuzidi ni kiu, kukojoa sana, choo kigumu, kichefuchefu, kutapika, uchovu, na mtu kuchanganyikiwa. Kiu na mkojo mwingi hupeleka kila mtu kupima sukari. Sukari ikitoka sawa, swali linalofuata liwe ni vidonge gani vingine viko nyumbani. Vitamini D hukaa kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo ukishaiacha, kalsiamu inaweza kubaki juu kwa wiki au miezi. Hii si hali ya kunywa maji mengi na kusubiri nyumbani. Inatibiwa hospitali kwa dripu na dawa.

Dawa zinazoimaliza vitamini D

Vitamini D inayomezwa au inayotengenezwa kwenye ngozi haifanyi kazi hadi ipite kwenye ini, kisha kwenye figo. Dawa kadhaa zinazojulikana sana kwetu zinaamsha vimeng'enya vinavyoivunja haraka kabla haijatumika. Phenobarbital, phenytoin na carbamazepine za kifafa ziko mstari wa mbele, pamoja na rifampicin ya TB na efavirenz ya VVU kwa wale ambao bado wanaitumia.

Kwa kifafa jambo hili linastahili uangalifu kuliko linavyopewa. Mtoto anayekunywa phenobarbital miaka mingi, anayeshinda ndani kwa sababu familia inaogopa aanguke mbele za watu, na asiyekunywa maziwa wala kula dagaa, ana kila sababu ya kupata matege. Kalsiamu ikishuka sana, yenyewe inaleta degedege. Hapo mtego unajifunga: degedege zinaongezeka, dozi ya phenobarbital inapandishwa, vitamini D inashuka zaidi. Degedege zikirudi kwa mtoto aliyekuwa ametulia na dawa hajakosa, kupima kalsiamu ya damu ni kazi ya mrija mmoja wa damu. Mtu mzima aliye kwenye dawa hizi kwa muda mrefu mara nyingi anahitaji mara mbili au tatu ya dozi ya kawaida, yaani IU 1,000 hadi 2,000 kwa siku, akifuatiliwa na daktari. Na asiiache dawa ya kifafa kwa ajili ya mifupa.

TB ina utata wake. Rifampicin inaivunja vitamini D, isoniazid inazuia hatua zake kwenye ini na figo, kwa hiyo ungedhani mgonjwa wa TB apewe dozi kubwa. Lakini seli za kinga zilizokusanyika kuizunguka TB zinaweza zenyewe kutengeneza vitamini D iliyokamilika bila kusikiliza breki za mwili, na kalsiamu ikapanda. Ugonjwa wa sarcoidosis unafanya vivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi. Majaribio ya kuongeza dozi kubwa za vitamini D kwenye matibabu ya TB hayakuonyesha faida ya jumla. Dozi ya kawaida inatosha, na za IU 60,000 zisubiri kipimo.

Prednisolone ikitumika kwa miezi inapunguza ufyonzaji wa kalsiamu na kudhoofisha mifupa, na hapa vitamini D na kalsiamu ni sehemu ya matibabu halisi. Orlistat ya kupunguza uzito inatoa mafuta na choo, na vitamini D inatoka nayo, hivyo imeze vitamini wakati wa kulala. Cholestyramine ya kushusha kolesteroli nayo inainasa.

Figo zikichoka

Figo ndizo zinazomalizia kuitengeneza vitamini D. Zikishindwa, D3 ya dukani inabaki nusu njia, na ndiyo maana daktari wa figo huandika alfacalcidol au calcitriol, ambazo hazihitaji hatua ya figo. Hizo zina nguvu na zinafanya kazi haraka, na dozi zake huhesabiwa kwa sehemu ndogo za mikrogramu. Usizijumlishe na vitamini D nyingine bila yeye kujua. Mgonjwa wa figo pia aepuke dawa za kiungulia zenye alumini au magnesiamu, kwa sababu madini hayo yanabaki mwilini, na vitamini D inaweza kuongeza yanayofyonzwa. Aliyewahi kupata mawe ya figo atofautishe D3 na vidonge vya kalsiamu. Katika jaribio kubwa la Marekani la wanawake 36,282, miligramu 1,000 za kalsiamu na IU 400 za D3 kwa siku ziliongeza mawe kwa asilimia 17. Kalsiamu aichukue kwenye maziwa na dagaa, na maji ayanywe ya kutosha.

Ya sahani

D3 huyeyuka kwenye mafuta, basi imezwe na mlo wenye mafuta. Wali wa nazi, mchicha wa karanga, parachichi, yai, samaki wa kukaanga, chochote kati ya hivyo kinatosha. Ukiimeza na chai ya rangi na mhogo wa kuchemsha utapoteza sehemu yake. Kwenye jaribio moja, mlo wenye mafuta ulipandisha vitamini D ya damu kwa asilimia 32 kuliko mlo usio na mafuta. Kidonge cha kalsiamu kabonati nacho kinataka chakula, kwa sababu kinahitaji asidi ya tumbo. Anayetumia omeprazole kila siku ni bora atafute kalsiamu sitreti.

Vibua, jodari na dagaa ndio walio nayo zaidi, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanaleta na kalsiamu. Kiini cha yai kina kama IU 40. Mafuta ya ini la samaki yana takriban IU 450 kwa kijiko cha chai, ila yana vitamini A nyingi, kwa hiyo mjamzito asiyatumie. Kapsuli za omega-3 ni kitu kingine, vitamini D yake kwa kawaida ni ya kuhesabu kwa darubini. Watu wanazinunua wakidhani ni zilezile.

Jua halizidishi dozi, kwa kuwa ngozi inaivunja ile ya ziada. Ila jua la kupitia kioo cha ofisi au cha gari halitengenezi kitu, na anayevaa buibui au abaya siku nzima, iwe Mombasa au Muscat, anaweza kupungukiwa katikati ya jua kali. Walioko Uingereza wenye ngozi nyeusi wanashauriwa na huduma ya afya ya huko wafikirie mikrogramu 10 kwa siku mwaka mzima, si majira ya baridi tu.

Kusoma jibu la maabara

Kipimo kinachofaa kinaitwa 25-hydroxy vitamini D. Namba bila kizio chake haina maana. 30 kwa ng/mL ni nzuri, 30 kwa nmol/L ni mpaka wa upungufu. Ng/mL zidisha kwa 2.5 upate nmol/L. Chini ya 12 ng/mL ni upungufu, 20 na zaidi inatosha kwa watu wengi, na sumu huanza kushukiwa ikipita 150 ng/mL. Baada ya kuanza dozi, subiri miezi mitatu ndipo upime tena. Wiki mbili hazitakuambia kitu.

Anayemeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi aviache siku mbili tatu kabla ya kutoa damu. Biotini inavuruga baadhi ya mashine za maabara, na inaweza kuonyesha vitamini D iko juu wakati iko chini. Vipimo vya tezi ya shingo inavivuruga vilevile. Na kama unapima kwa sababu ya kiu, kutapika au kuchanganyikiwa, usianze na vitamini D. Omba kalsiamu na kreatinini (kipimo cha figo) kwanza, majibu yake hutoka siku hiyohiyo, na uende na maboksi yote ya dawa, pamoja na yale unayoyaita vitamini tu.